J. E. S. Moore, Mtaalamu Aliyetafuta Bahari Ndani ya Ziwa Tanganyika

Askari yeyote aliyewahi kupangiwa kazi Gisenyi, au aliyepita njia ya Nyundo ambako misheni ya Wakatoliki imesimama tangu mwaka 1901, bila shaka amekula isambaza. Ni samaki wadogo weupe, ndugu wa damu wa dagaa wa Kigoma, na usiku taa za wavuvi wao huonekana zikimetameta juu ya Ziwa Kivu mithili ya kambi ya jeshi kubwa. Walio wengi hawajui kwamba samaki hao si wenyeji wa ziwa hilo. Walitolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa Kivu kwa mikono ya watu mwishoni mwa miaka ya 1950.

Hapo pana fumbo. Maziwa hayo mawili yameunganishwa na mto Rusizi, utokao Kivu na kumwaga maji yake Tanganyika. Ikiwa njia ya maji ipo, mbona dagaa hawakuipanda wenyewe katika karne zote zilizopita, hata ikabidi wabebwe? Na si dagaa peke yao. Tanganyika imejaa samaki, konokono na kaa wasioonekana mahali pengine popote duniani, ilhali Kivu, jirani yake wa karibu, ni maskini wa viumbe hao. Mtu aliyelishika swali hilo kwa makini, akalifuata kwa miguu kutoka ziwa hadi ziwa, ni Mwingereza John Edmund Sharrock Moore. Leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake, kwani ni habari ya mtu aliyekusanya ushahidi mzuri kuliko wote waliomtangulia, kisha akautolea hukumu isiyo sahihi.

Moore alizaliwa mwaka 1870. Alisomea elimu ya viumbe mjini London, katika Chuo cha Kifalme cha Sayansi, na tangu ujana wake alikuwa mtu wa hadubini. Kabla hajatimiza miaka 26 alikwisha kuandika juu ya namna seli za uzazi zinavyogawanyika, kazi ya kukaa ndani, ya macho na subira. Hapana aliyetazamia kuwa kijana wa namna hiyo angeongoza misafara katika Afrika ya Kati.

Lakini wakati huo wataalamu wa London walikuwa wakitatizwa na Tanganyika. Mwaka 1858 nahodha John Speke, alipofika ziwani pamoja na Richard Burton, aliokota makombe ya konokono, nayo yakaelezwa na Samuel Woodward mwaka uliofuata. Yalikuwa makombe ya ajabu, mazito na yenye miiba na mapambo, yakifanana na ya baharini kuliko ya maji baridi. Kisha mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm akaona yavuyavu wakielea ziwani. Wasomaji wetu wa pwani wanamjua yavuyavu. Ni kiumbe laini kama uji ulioganda, awashaye ngozi ya muogaji, na kila mtu alimhesabu kuwa wa baharini. Huyu wa Tanganyika alipewa jina la kitaalamu mwaka 1893. Sasa yavuyavu alifikaje katika ziwa lililo mamia ya maili kutoka pwani, juu ya uwanda wa mita 773 kutoka usawa wa bahari?

Kwa msaada wa Jumuiya ya Kifalme ya Uingereza, Moore alitumwa kwenda kuchunguza. Safari yake ya kwanza ilianza mwaka 1895 na kwisha mwaka 1897. Alipita mto Zambezi na mto Shire, akavuka Ziwa Nyasa, kisha akaenda nchi kavu mpaka ncha ya kusini ya Tanganyika. Mizigo yake haikuwa ya kawaida: nyavu za kukokota chini ya maji, chupa, na spiriti ya kuhifadhia wanyama. Askari ajuaye maana ya kubeba kilo 30 kichwani au mgongoni kwa siku nzima ataelewa kwamba sifa ya safari ile si ya Moore peke yake. Wapagazi waliobeba chupa zile bila kuzivunja hawakuandikwa majina yao katika ripoti za London, na sisi tunaona hilo ni deni.

Miongoni mwa vitu alivyorudi navyo kulikuwa na vipande vya mnyama ambaye mtu wa kawaida angevipita akidhani ni ukoga juu ya mawe. Walikuwa sifongo. Mwaka 1899 mtaalamu Richard Evans aliwaeleza sifongo hao na kuona ni aina mbili mpya. Moja akaiita Spongilla tanganyikae, kwa jina la ziwa, na ya pili Spongilla moorei, kwa heshima ya aliyewaleta. Hapa hatuna budi kutulia kidogo, kwa maana sifongo ni shahidi muhimu katika kesi hii, na ushahidi wake haueleweki bila kujua mwili wake ulivyo.

Sifongo ni mnyama, ingawa kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama ni mmea. Hana kichwa, hana moyo, hana tumbo, hana neva, wala hatembei akishakua. Mwili wake umetobolewa matundu madogo yasiyo na idadi, na kwa sababu hiyo kundi zima la sifongo linaitwa Porifera, yaani wenye matundu. Jina hilo lilitolewa na Robert Grant wa Edinburgh, mwalimu wa Charles Darwin alipokuwa kijana. Grant ndiye aliyeonyesha, katika miaka ya 1820, kwamba maji huingia kwa matundu madogo na kutoka kwa tundu kubwa, na kwamba mkondo huo haukomi maadamu mnyama yu hai. Kinachosukuma maji ni seli ndogo zilizopangwa kuta za ndani, kila moja ikiwa na mkia mwembamba kama mjeledi uliozungukwa na kola. Mjeledi hupiga, maji husogea, na chakula hunaswa kwenye kola. Sifongo wepesi kabisa ni mrija mmoja tu. Wengine kuta zao zimekunjamana kama kitambaa kilichofinywa. Walio wengi, pamoja na wa maziwa yetu, wana vyumba vidogo maelfu kwa maelfu, vilivyounganishwa kwa vichochoro, na kila chumba ni kituo cha pampu.

Ajabu yake kubwa ilidhihirishwa mwaka 1907 na Mmarekani Henry Wilson. Alimkamua sifongo hai katika kitambaa chembamba hata akawa seli moja moja ndani ya maji. Seli zile zilitambaa, zikatafutana, zikakusanyika, na hatimaye zikajenga sifongo upya. Kombania iliyotawanywa porini usiku isingejipanga vizuri zaidi.

Lakini mwili laini namna hiyo ungelala chini kama tambara lisingekuwako fremu ya kuushikilia. Katika sifongo wengi fremu hiyo ni miiba midogo mno, isiyoonekana ila kwa hadubini, nayo ndiyo kitambulisho chao. Mtaalamu huchukua kipande, hukichemsha katika asidi kali, nyama yote ikayeyuka, na miiba ikabaki safi chini ya chombo. Umbo la nje la sifongo hudanganya, kwa maana aina moja hukua bapa penye mawimbi na kuwa na matawi penye utulivu. Miiba haidanganyi kwa urahisi. Wenye miiba ya chokaa ni ngeli moja, nao wote ni wa baharini. Wenye miiba ya kioo yenye ncha sita ni ngeli nyingine, wakaao hasa vilindini mwa bahari. Ngeli kubwa kuliko zote ni Demospongia, wenye miiba ya silika au nyuzi laini kama zile za sifongo wa kuogea, ambao akina mama wa Jambiani, Unguja, walianza kuwalima baharini mwaka 2009. Ngeli ya nne, ndogo, ilitengwa na wataalamu katika miaka ya karibuni tu. Kati ya aina zaidi ya 8,000 zinazojulikana, zaidi ya 200 huishi katika maji baridi, na hizo zote ni za Demospongia.

Basi miiba ya sifongo wa Moore ilisema nini? Ilimfanya Evans amweke katika jenasi ya Spongilla, ambayo ilikwisha kujulikana tangu zamani katika mito ya Ulaya, hata Thames unaopita London kwenyewe. Kwa maneno mengine, shahidi huyu hakutoka baharini juzi. Alikuwa wa ukoo wa maji baridi, wenye desturi ya kutengeneza vidonge vigumu vya uzazi vinavyoweza kustahimili ukame na baridi, kisha vikachipua hali ikiwa njema.

Moore hakumsikiliza sana. Macho yake yalikuwa kwa konokono na yavuyavu. Aliweka makombe ya Tanganyika kando ya visukuku vya konokono wa bahari vya zama za Jura, vilivyochimbwa katika mawe ya Ulaya, akaona vinafanana mno. Kwa hiyo akatoa nadharia yake: kwamba zamani za kale mkono wa bahari ulifika mahali palipo na Tanganyika, kisha ukakatwa, maji yakabadilika polepole kuwa baridi, na wanyama wake wakabaki ndani kama mateka. Ni nadharia nzuri. Ilieleza mambo mengi kwa mara moja, na pengine hapo ndipo ilipokuwa hatari yake.

Ili kuithibitisha ilimpasa kuonyesha kwamba wanyama wale hawakuingia Tanganyika kutoka kaskazini. Kama wangekuwako Kivu, Edward na Albert, mtu angeweza kusema walishuka kwa njia ya maji kutoka Nile. Ndiyo maana mwaka 1899 alirudi, safari hii akiwa na mpima ramani Malcolm Fergusson. Walipita tena Nyasa, wakaupanda urefu wote wa Tanganyika, kisha wakafuata bonde la Rusizi kuelekea Kivu.

Nchi haikuwa tulivu. Wajerumani na Dola Huru ya Kongo walikuwa wakigombea mpaka wa Kivu, mgogoro uliokuja kumalizwa kwa mkataba wa mwaka 1910. Maasi ya askari wa Kongo yaliyozuka mwaka 1897 yalikuwa yameacha makovu upande wa magharibi. Nyiginya ya Rwanda nayo ilikuwa imetoka katika vita vya ndani vya Rucunshu vya mwaka 1896, vilivyomweka Yuhi Musinga, angali kijana, kwenye kiti cha Umwami. Mzungu wa kwanza kufika Kivu, Mjerumani von Götzen, alikuwa amepita miaka mitano tu kabla, mwaka 1894. Misheni ya Nyundo ilikuwa haijawekwa jiwe lake la kwanza.

Katika nchi hiyo Moore alitandaza nyavu zake. Aliyoyakuta Kivu yaliipa safari nzima thamani, na kwa maoni yetu ndiyo kazi yake bora. Viumbe vya ziwa hili vilikuwa vichache, na vile vilivyokuwamo vilifanana na vya Ziwa Edward na vya Nile, wala si vya Tanganyika. Hapakuwa na yavuyavu. Hapakuwa na konokono wale wenye sura ya bahari. Moore akainua macho akaitazama safu ya Virunga, ambayo mtu akiwa Gisenyi huiona imesimama kaskazini kama ukuta, na Nyiragongo ikifuka moshi. Akaelewa. Zamani bonde lile lilitiririsha maji yake kaskazini, kwenda Edward na Nile. Volkano zilipozaliwa zililiziba bonde kama watu wazibavyo mfereji kwa udongo. Maji yakapanda, yakawa Kivu, yakafika mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, mwishowe yakapata upenyo kusini na kuporomoka kwenda Tanganyika. Rusizi kwa hiyo ni mto mchanga. Katika mwendo wake unateremka karibu mita 700 kwa maporomoko na magenge, na dagaa hana mabawa.

Hukumu hiyo imesimama hadi leo. Elimu ya miamba imeikubali, na wale waliokuwako Goma na Gisenyi mwaka 1977, 2002 na 2021, Nyiragongo ilipomwaga ziwaziwa la moto, wameona kwa macho yao namna volkano inavyoweza kujenga ukuta mpya kwa siku chache.

Kutoka Kivu msafara ulivuka nyanda za Edward na kufika Rwenzori mwaka 1900. Moore alipanda kwa bonde la Mubuku mpaka kwenye barafu yenyewe, kiasi cha futi 14,900, akathibitisha kwamba ni barafu ya kudumu na si theluji ya kupita. Kisha wakaelekea Mengo na pwani, na kutoka huko Uingereza. Mwaka 1901 alichapisha kitabu cha safari hiyo, na mwaka 1903 kingine kikubwa kuhusu suala la Tanganyika, ambamo aliweka nadharia yake ya bahari mbele ya wataalamu wote.

Majibu hayakuchelewa. Mwaka 1904 mtaalamu wa miamba, Wilfrid Hudleston, alionyesha kwamba katika mawe ya sehemu ile hapakuwa na dalili ya bahari ya zama za Jura. Hilo lilikuwa pigo zito, kwa kuwa bahari haiondoki bila kuacha nyayo. Miaka hiyo hiyo yavuyavu wa jamaa ya yule wa Tanganyika wakaonekana katika Ziwa Victoria na katika mto Niger, wala hapana aliyesema kwamba Victoria ilikuwa bahari. Kisha ukatumwa msafara wa tatu, mwaka 1904 hadi 1905, chini ya William Cunnington, ambaye kwa hekima alivua pia Nyasa na Victoria ili apate vitu vya kulinganisha. Sifongo wake walielezwa mwaka 1906 na Randolph Kirkpatrick wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, pamoja na wengine wa Nile na Zambezi. Wote walikuwa ni sifongo wa maji baridi wa Afrika. Shahidi aliyepuuzwa alirudi kizimbani akasema maneno yale yale.

Leo tunajua kwamba Tanganyika ni ziwa kongwe mno, linalokadiriwa kuwa na miaka milioni 9 hadi 12, na lenye kina cha mita 1,470. Umri huo ni mkubwa kwa ziwa, lakini ni mdogo sana ukilinganishwa na zama za Jura, zilizokwisha zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita. Wanyama wake hawakutoka baharini. Wazazi wao waliingia kutoka mitoni, wakafungiwa humo kwa muda mrefu, wakabadilika. Na yale makombe mazito? Tanganyika ina kaa wenye makucha yenye nguvu ya kuvunja makombe. Kizazi baada ya kizazi konokono mwenye deraya nene aliokoka, mwenye nyembamba akaliwa, na kaa naye akazidi kunenepesha makucha. Mashindano ya silaha ya namna hiyo yapo baharini pia, ndiyo maana konokono wa pande zote mbili wakaja kuvaa sare inayofanana bila kuwa wa jeshi moja.

Moore hakurudi Afrika kulitetea dai lake. Alirejea kwenye hadubini, na hapo alipata ushindi ambao wengi wa wasomaji wetu waliofika kidato cha nne wameusoma bila kujua ni wake. Mwaka 1905, yeye na John Farmer walilipa jina lile tendo ambalo kwalo seli za uzazi hugawanya kromosomu zake nusu kwa nusu, ili mtoto apate sehemu sawa kutoka kwa baba na mama. Ndilo tunaloliita meiosisi. Neno hilo limo katika kila kitabu cha biolojia duniani, na halihusiani kabisa na ziwa alilolitolea miaka bora ya ujana wake. Baadaye alifanya kazi Liverpool katika uchunguzi wa kansa, kisha akaiacha sayansi mapema, akafariki mwaka 1947.

Katika Rwenzori, kilele kimojawapo cha mlima Baker kinaitwa Moore. Na chini ya mawe ya Tanganyika, mahali ambapo jua halifiki, sifongo mwenye jina lake angali akivuta maji na kuyatoa.